Sura ya Nne: Nyundo Ikae Wapi

Katika vitongoji vya Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi wilayani Karatu, wako wahunzi wa Kidatoga ambao karakana yao yote waweza kuizunguka kwa hatua sita. Fundi ameketi chini. Mbele ya magoti yake kuna kishimo cha makaa kisichozidi upana wa sinia dogo. Ng'ambo ya kishimo ameketi kijana mwenye mifuko miwili ya ngozi ya mbuzi, mmoja kila mkono, anaikandamiza kwa zamu ili pumzi isikatike, na pumzi hiyo inaingia motoni kupitia kewa la udongo. Fuawe ni pande la chuma lililokitwa ardhini. Kufuli mbovu na koki za bomba zinayeyushwa kuwa bangili. Misumari inafuliwa kuwa vichwa vya mishale, na Wahadzabe wanavichukua kwa kubadilishana na asali au nyama.

Nilipoketi pale mara ya kwanza niliangalia mikono, kama wageni wote wafanyavyo. Mara ya pili ndipo nilipoona jambo kubwa zaidi: fundi hainuki. Tangu chuma kinaingia motoni mpaka mshale unapozwa, hakuinuka hata mara moja. Koleo, nyundo, tindo, maji, makaa ya akiba, vyote vilikuwa mahali ambapo mkono unafika bila jicho kuutangulia. Ile ni ramani iliyochorwa kwa urefu wa mkono wa mtu, na vizazi vimeisahihisha.

Uhunzi wa upande huu wa nchi ulijengwa juu ya kipimo hicho. Kule Ugweno, kaskazini mwa milima ya Pare, ukoo wa Washana ulishika uhunzi na utawala pamoja, hadi Wasuya walipowanyang'anya utawala. Chuma cha Pare kilipanda Kilimanjaro, na wahunzi wa Mamba wakakifanya majembe na mikuki. Wamasai walikuwa na ilkunono wao, wahunzi ambao kazi yao ilihitajika na kila mtu huku wenyewe wakibaguliwa katika kuoana. Desturi zilitofautiana mno. Lakini mahali pa kazi palifuata mwili wa mtu: mtu akihama, karakana inajikunja mgongoni inaondoka naye.

Kipimo cha mkono kinavunjika siku kinapoingia kitu ambacho hakuna mkono wa kukiinua. Sura hii inahusu siku hiyo.

Hapa mjini Arusha, pita Unga Limited, Ngarenaro, Sombetini au Mbauda asubuhi yoyote, utaona karakana za chuma zilivyozaliwa. Kijana amejifunza kwa fundi mkubwa, akapanga fremu, akanunua mashine ya kuchomelea, grenda na jiliwa. Akakua. Miaka kadhaa baadaye anapata nafasi ya kununua kitu kizito: nyundo ya mashine, presi ya haidroliki, au mashine ya kukereza iliyotoka kwenye kiwanda kilichofungwa. Furaha inamjaa, na mashine inawekwa mahali palipobaki. Nasema palipobaki kwa makusudi, maana hilo neno moja ndilo chanzo cha mambo mengi yanayowatesa mafundi wetu: migongo inayouma, vidole vilivyoungua, mageti yaliyokatwa vipande kisha yakaungwa tena, kesi na majirani.

Nami nilifanya hivyohivyo. Mwaka niliponunua nyundo ya mashine nilikuwa na fremu ya kupanga Sombetini, chumba cha mita 5 kwa 8, kuta za tofali, sakafu ya zege ya inchi nne iliyomwagwa kwa ajili ya duka. Ndani tayari nilikuwa na tanuri ukutani, fuawe katikati, meza ya jiliwa dirishani, na mashine ya kuchomelea mlangoni kwa sababu soketi ilikuwa huko. Kona moja ya nyuma ilikuwa tupu. Nilipima upana wa kona, nikapima upana wa mashine, nikaridhika.

Nyundo ya aina hiyo hutajwa kwa uzito wa kichwa kinachopanda na kushuka. Yangu ni ya kilo 40. Mwili wake pamoja na fuawe yake unazidi tani moja, na kichwa kile kinapiga zaidi ya mara 200 kwa dakika. Wiki ya tatu ufa mwembamba ulitokea sakafuni, kuanzia mguu wa mashine kuelekea mlangoni. Wiki ya tano ufa ulikuwa unameza sarafu. Halafu mchana mmoja jirani wa ukuta wa pili, mama mtu mzima anayeuza chai na chapati, aliingia ameshika kikombe cha udongo kisicho na mkono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiki kilikuwa kabatini. Hakuna aliyekigusa."

Hakufoka. Alikiweka juu ya meza ya jiliwa, akaniangalia, akaondoka. Jioni nilipokwenda kuomba radhi nilikuta ameshatoa vyombo vyote kabatini, amevipanga ndani ya beseni lililotandikwa kanga, vikombe vimelala kama mayai kwenye kiota. Nilisimama pale nikiwa sina la kusema.

Na si jirani tu aliyeumia. Kona ina kuta mbili. Fletibaa, nondo za mraba na mabomba ya madukani kwetu huja kwa urefu wa mita 6, na kipande cha mita 6 hakigeuki konani. Ikanibidi kukata kila kitu kabla ya kukifua, kisha kuunga. Mteja aliyelipia geti la kufuliwa akapata geti lenye makovu ya kuchomelea kila mita na nusu. Mashine niliyoinunua ili inipunguzie kazi ikaniongezea.

Basi nikaanza upya, safari hii kwa kuuliza swali ambalo Mdatoga yule alishalijibu kwa mwili wake: kitu gani hapa hakihami? Kwake ni fuawe, na vingine vyote vimeizunguka. Kwangu ilikuwa nyundo. Kisichohama ndicho kinachochaguliwa mahali kwanza, tena kinachaguliwa kwa kuangalia vitu vitatu ambavyo navyo havihami: ardhi iliyo chini yake, njia ya chuma kirefu, na jua.

Nianze na ardhi, maana hapa Arusha ardhi ina mambo yake. Mlima Meru ulitoa majivu kwa mara ya mwisho mwaka 1910, na kabla ya hapo ulikuwa umeyamwaga kwa maelfu ya miaka. Migomba na kahawa inashukuru. Nyundo haishukuru. Juu mitelemkoni, Ilboru, Sakina, Moshono, utakuta udongo mwepesi wa majivu ambao ukiutia koleo la kuchimbia linazama kwa mkono mmoja. Ukishuka kusini kwenye tambarare unaingia penye udongo mweusi wa mbuga, ambao kiangazi unapasuka mpaka mguu wa mbuzi unanasa, na masika unavimba na kuinua kila kilicho juu yake. Upande wa mashariki, ambako ubavu mzima wa mlima uliporomoka zaidi ya miaka 7,000 iliyopita na kumwaga tope la mawe kuelekea Kilimanjaro, unaweza kuchimba ukakutana na jiwe kubwa limezungukwa na udongo laini. Fundi mgeni anafurahi akidhani amepata mwamba. Akiweka nusu ya msingi juu ya jiwe na nusu juu ya udongo, kwa kila pigo nusu moja itashuka na nyingine itabaki, na nyundo itainama kama mzee mwenye mguu mbovu.

Kipimo cha kwanza hakihitaji mhandisi. Chukua nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita moja na nusu, ichonge ncha, ipige kwa nyundo ileile na nguvu ileile katika sehemu tano au sita za kiwanja, ukihesabu mapigo kwa kila sentimita 20. Andika. Sehemu ambayo nondo inaanza kugoma mapema, tena inagoma kwa usawa ule ule upande huu na upande wa pili, hapo ndipo nyundo inapotaka kukaa. Kama una muda, rudia baada ya mvua za masika. Udongo mweusi utakupa majibu mawili tofauti, na hapo utajua kwamba lazima uutoe wote mpaka ufike chini yake, au utafute kiwanja kingine.

Kwenye mtelemko kuna mtego mwingine, na nimeuona ukiwanasa mafundi wazuri. Ili kupata uwanja wa kujenga, tunachimba upande wa juu na kutupa udongo upande wa chini. Ukimaliza, uwanja wote unaonekana sawa, pima maji inakubali. Lakini nusu moja ni ardhi ya tangu asili na nusu nyingine ni kifusi cha mwezi uliopita. Nyundo iende upande uliochimbwa, kila mara. Upande wa kifusi weka meza, kabati, mkaa, benchi la wateja.

Ukishapata mahali, nyundo inahitaji msingi wake peke yake. Hili ndilo lililonigharimu kikombe cha jirani. Sakafu ya kawaida ni ngozi ya ngoma: ukiipiga mahali pamoja inalia kote, na ukuta ulioungana nayo unalia pia. Msingi wa nyundo ni bonge la zege lililoachana kabisa na sakafu. La kwangu lina urefu wa mita 1.5, upana wa mita 1 na kina cha sentimita 80. Hizo ni mita za ujazo 1.2, na kwa kuwa mita moja ya ujazo ya zege ina uzito wa karibu kilo 2,400, bonge lile linakaribia tani tatu. Pigo linapoteremka linakuta chini yake uzito usio na haraka. Wanaotengeneza nyundo hizi hupenda fuawe ya mashine iwe na uzito wa angalau mara 10 ya kichwa, na mara 15 au 20 ni bora zaidi, kwa sababu hiyohiyo: nguvu ibaki kwenye chuma cha moto, isiteremke ardhini kwenda kutafuta vikombe vya watu.

Kati ya bonge na sakafu niliacha mwanya wa sentimita tano kuzunguka pande zote. Mwanya ukiachwa wazi unajaa magamba ya chuma, mawe na vipande vya mkaa, na baada ya mwaka vitu hivyo vinakuwa daraja la kupitishia mtikisiko. Nilikwenda kwa fundi wa katambuga pale karibu na soko la Kilombero, nikamwomba anikatie vipande virefu vya matairi, nikavisimamisha ndani ya mwanya na kujaza mchanga mkavu juu yake. Chini ya mashine yenyewe, juu ya zege, nililaza mbao ngumu zilizorandwa zikalingana. Zege peke yake, likipigwa na chuma mara elfu kwa siku, husagika kuwa unga taratibu.

Bolti za kushikia mashine zinapangwa kabla zege halijamwagwa. Nilikata ubao wa plaiwudi wenye matundu sawasawa na ya mguu wa mashine, nikazisimamisha bolti ndani yake, nikapaka grisi kwenye nyuzi na kuzifunga nailoni. Kisha subira. Zege lifunikwe magunia, limwagiwe maji asubuhi na jioni, liachwe siku 28. Wateja watapiga simu. Waambie ukweli.

Tatizo hili si letu peke yetu. Mwaka 1839 Mskoti James Nasmyth alichora nyundo ya mvuke, na miaka michache baadaye ilikuwa inafua ekseli za meli na magurudumu ya treni. Kule Le Creusot, Ufaransa, mwaka 1877 walisimamisha nyundo yenye kichwa cha tani 100, ambayo leo imesimama kwenye lango la mji kama mnara. Watu husimulia ukubwa wa kichwa kile. Mimi huvutiwa zaidi na kilichokuwa chini yake: fuawe ya tani 750, na chini ya fuawe hiyo msingi uliochimbwa kwanza. Mji mzima ulikuwa unaishi jirani.

Sasa njia ya chuma kirefu. Piga mstari unaopita katikati ya meno ya nyundo, mbele na nyuma, mpaka ufike ukutani pande zote mbili. Huo mstari ni mali ya nyundo. Usiweke kabati, usitundike koti, usiegemeze bomba. Kwa kuwa chuma chetu ni cha mita 6, ukitaka kufua ncha moja unahitaji mita 6 upande mmoja, na ukitaka kufua katikati unahitaji mita 3 kila upande. Chumba changu kina mita 8 tu. Nilihamisha nyundo kutoka kona ya nyuma na ukuta wa jirani, nikaileta kwenye mstari wa katikati wa chumba, ikitazamana na mlango. Kisha nikamwomba mwenye nyumba ruhusa ya jambo lililomshangaza: kutoboa tundu ukuta wa nyuma, sentimita 20 kwa 20, katika kimo kilekile cha meno ya nyundo. Alikubali kwa sharti kwamba nikihama nizibe na nirudishe sakafu. Mchana chuma kirefu hutoka kupitia tundu hilo na kuning'inia uani juu ya stendi. Usiku tunalifunga kwa kifuniko cha chuma chenye bawaba. Tundu moja liliniongezea chumba mita 4 bila kodi.

Kwa wenye viwanja vyao nasema hivi: kuta ziwe za mwisho. Weka mambo na kamba kama unavyoseti msingi wa nyumba, lakini ndani ya kamba hizo usianze kuchora vyumba. Mwaga jivu ardhini kwa ukubwa halisi wa kila mashine. Chukua kipande cha chuma baridi kwenye koleo, tembea kama unafanya kazi: toka kwenye jivu la tanuri, geuka, fuawe. Toka kwenye tanuri, hatua mbili, nyundo. Rudi. Tanuri, jiliwa. Rudi. Mwite mwenzako awe anapita na ndoo ya mkaa wakati huohuo. Mkigongana kwenye jivu, mtagongana pia siku chuma kitakapokuwa na nyuzi 1,000.

Nilifanya hivyo na vijana wangu wawili asubuhi moja, na mdogo wao, ambaye hakuwa na miezi minne kazini, ndiye aliyeona kosa. Alisema, "Fundi, mbona mimi kila nikileta mkaa napita nyuma yako?" Kweli. Niliweka mkaa upande wa mbali kwa sababu ya cheche, na sikufikiri nani ataubeba. Tukahamisha jivu la mkaa, tukatembea tena. Njia ya chuma cha moto ikawa pembetatu fupi, tanuri na fuawe na nyundo, na hakuna njia ya mtu mwingine iliyoikata. Mteja tumemwekea benchi nje, chini ya kibaraza. Anaona kila kitu, haguswi na kitu.

Urefu wa pembetatu hiyo unaamuliwa na ubaridi wa chuma. Kipande chembamba kikitoka motoni kina rangi ya chungwa, na ukihesabu polepole utaiona ikififia machoni pako kabla hujafika kumi na tano. Kila hatua unayotembea unaitoa kwenye muda wa kupiga. Ndiyo maana nasema fuawe iwe mgeuko mmoja kutoka tanuri, mgeuko bila hatua au hatua moja fupi, na nyundo ya mashine hatua mbili, tatu zikizidi sana. Lakini usiisogeze karibu mno: anayeshika chuma kirefu kwenye nyundo lazima aweze kurudi nyuma bila kukalia moto. Kimo cha fuawe nacho ni cha mwili: simama wima, ning'iniza mkono, kunja ngumi. Uso wa fuawe uguse vifundo vya vidole. Katika karakana yenye mafundi wa vimo tofauti, pima kwa anayefua zaidi, na mfupi apewe ubao wa kusimamia.

Niseme neno kuhusu reli. Tangu njia ya treni ilipofika Arusha kutoka Moshi mwishoni mwa miaka ya 1920, kipande cha reli kimekuwa fuawe ya maskini, na ni fuawe nzuri, hasa kikisimamishwa wima ili uzito wote uwe chini ya pigo. Kamukunji ya Nairobi na Katwe ya Kampala wamelea mafundi wengi juu ya vipande hivyo. Lakini reli ni mali ya umma, na treni ya abiria imerudi Arusha tangu 2020. Usinunue kipande kisicho na risiti. Ekseli ya lori iliyosimamishwa kwenye shina la mkaratusi, nyuzi za mti zikitazama juu na ukanda wa chuma ukilibana, inatosha kabisa kuanzia.

Jua. Mhunzi husoma moto kwa macho, na rangi ya chuma ikipigwa na jua haionekani. Utaunguza kipande ukidhani bado. Arusha iko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo adhuhuri jua liko juu ya bati, Juni likiegemea kaskazini na Desemba kusini, lakini asubuhi na jioni linaingia chini chini kutoka mashariki na magharibi. Fungua madirisha mapana kaskazini na kusini chini ya mapaa marefu, na upande wa magharibi wa tanuri uwe na ukuta. Saa kumi jioni ndiyo saa mafundi wengi wanayounguza chuma, na wanalaumu mkaa.

Hewa nayo ina la kusema. Mji uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Tanga au Dar es Salaam kwa kiasi cha sehemu moja kati ya saba au nane. Blowa iliyomtosha fundi wa Gerezani inaweza kukuacha na moto dhaifu. Mota za umeme pia hupimwa nguvu zake kwa kawaida mpaka mita 1,000. Juu ya hapo zinapoa kwa shida kidogo. Nunua yenye akiba ya nguvu, uipe nafasi ya kupumua, usiisukumie ukutani. Bomba la moshi liwe pana, sentimita 25 au 30, lipande kupita kilele cha paa. Kabla ya kuchagua litokee wapi, washa majani mabichi kiwanjani asubuhi, mchana na jioni kwa wiki moja, uone moshi unaelekea nyumba ya nani.

Sakafu ya eneo la moto isiwe zege. Chuma chekundu kikianguka juu ya zege, unyevu uliomo ndani unakuwa mvuke na zege linarusha vipande kama risasi ndogo. Shindilia moramu, au kile kifusi chekundu cha volkano kinachochimbwa kwenye vilima vya kuzunguka Meru. Miguu pia inakushukuru jioni. Zege libaki chini ya mashine ya kukereza na drili, ambako hakuna moto.

Mengine nayapita upesi. Nyundo na mashine ya kuchomelea zisinyonye njia moja ya umeme. Mota inapoanza huvuta mara sita au saba ya kawaida yake, na taa za mtaa zitakusengenya. Bati na mabomba yenye zinki yawe na rundo lake mbali na tanuri, maana moshi wake unaleta homa. Mitungi ya gesi ikae nje, kivulini, imefungwa mnyororo. Waliokuwepo Julai 2007, wakati matetemeko ya upande wa Gelai na Oldoinyo Lengai yalipotikisa mpaka mjini, hawahitaji kuambiwa kwa nini. Na sehemu ya kazi isajiliwe OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, kwa mujibu wa sheria ya 2003. Wakaguzi waliopita kwangu walinionyesha mambo mawili ambayo macho yangu yalikuwa yamezoea kuyaruka.

Siku ya kuhamisha ilifika. Kuita gari la winchi kungekula faida ya mwezi, nalo lisingeingia ndani, kwa hiyo tulihama kama walivyohama wazee: mtaimbo, kabari za mti, mabomba manne ya inchi mbili. Unanyanyua upande mmoja kwa mtaimbo sentimita mbili, unaingiza kabari. Upande wa pili, kabari. Tena upande wa kwanza. Hakuna mkono unaoingia chini ya mashine, kabari zinasukumwa kwa kijiti. Ikishapanda juu ya mabomba, tani moja inasogea kwa kusukumwa na watu watatu, polepole, na mtu mmoja kazi yake ni kuchukua bomba linalotoka nyuma na kuliweka mbele. Mita nne zilituchukua tangu saa tatu mpaka saa nane. Mashine ilipokaa juu ya bolti, matundu yote manne yaliingia, na vijana wakapiga makofi.

Tulikaza nati, tukawasha tanuri, nikafua kipande cha springi ya lori kuwa patasi. Pigo lilikuwa na sauti nyingine kabisa, nzito na fupi. Chuma kilitandazika kwa nusu ya muda niliouzoea. Nilizima mashine, nikaenda kwa jirani. Alikuwa anakanda unga, vikombe bado viko ndani ya beseni.

"Mama, umesikia mtikisiko?"

Aliinua kichwa, akasikiliza kidogo.

"Kwani mmeshaanza?"

Nilimwomba arudishe kikombe kimoja kabatini, kimoja tu, akiache mpaka kesho. Kisha nikarudi kukaza nati tena, kwa sababu siku ya kwanza huwa zinalegea.